Ruhusa ya Kupita na Mbwa

Cwm Hesgen
9 Oktoba

Bibi yangu,

Leo naanza kinyume, salamu utazikuta chini. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nisipoliandika sasa nitajaza ukurasa kwa habari za mvua kama kawaida yangu, kisha nifunge bahasha.

Nilikusikia mlangoni kwa mzee Vaughan. Nilikuwa mdogo, nimeshika kamba ya mbwa wetu Nel, wewe umebeba mkate wa zabibu uliofungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa wiki ya Krismasi. Ulimwambia, si kwa Kiwelisi chetu bali kwa kile Kiingereza chako cha kuvaa Jumapili, "Tunakushukuru kwa kuturuhusu kupita msituni kwako mwaka mwingine." Naye akasema, "Karibuni siku zote, Bi Beynon, wewe na wenzako wote, mradi mbwa wafungwe kamba." Mwaka uliofuata tulikwenda tena, na uliofuata pia. Nilidhani kila familia hufanya hivyo Krismasi.

Sasa salamu. Shikamoo Bibi. Nyonga inaendeleaje? Huku hatujambo. Mama amepewa zamu za usiku, kwa hiyo nyumba nzima tunatembea kwa soksi. Nel ni mzima ila masikio yamekufa kabisa. Nikimwita nyikani lazima nipunge mikono kama mtu anayezama. Nyumba yako nimeifungua madirisha Jumamosi.

Unajua habari za Bwana Sellick, aliyenunua msitu baada ya mzee Vaughan kufa. Ile kufuli aliyoitia langoni bado ipo. Njia yetu imekatwa kiunoni. Nyika ya Rhos juu ni ya watu wote, mto chini una njia yake, lakini kutoka kimoja kwenda kingine sasa unazunguka kwa barabara ya malori ya mawe, pale pasipo na ukingo wa kusimama. Baba ndiye mwenyekiti wa kamati, hilo pia unalijua. Halmashauri itaifanya njia ya msituni kuwa ya umma kama watu wataonyesha kwamba wameipita miaka ishirini bila kuvunja kitu, bila kujificha, na bila kuomba ruhusa.

Hiyo ya tatu, Bibi. Aliyeruhusiwa hana haki. Ana fadhila tu, na fadhila hufa na mwenyewe.

Baba alikuletea karatasi ya ushahidi uitie sahihi kwa sababu hakuna aliyeipita njia ile miaka mingi kuliko wewe. Umekaa nayo tangu Agosti. Jana mezani alisema, "Mama ananikomoa kwa sababu nilimpeleka Swansea kwa Lowri." Mimi nilijua sababu yenyewe. Niliendelea kumenya viazi.

Sikuambii ufanye nini. Nauliza tu kama ni lazima mtu ajue.

Mjukuu wako,
Mared


Swansea
2 Novemba

Mared mjukuu wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Shangazi yako Lowri amenunua stempu, kisha akaziweka mahali pazuri, na mahali pazuri katika nyumba hii hapajulikani hata na mwenyewe.

Nyonga inanitii asubuhi na kunigomea jioni. Kijana anayenifanyisha mazoezi anasema nimepona kuliko wanawake wenye nusu ya umri wangu. Nikamwuliza, hao wenye nusu ya umri wangu wamevunjika nini? Akacheka, akaandika kitu.

Hapa kuna bustani chini ya ghorofa. Mbwa wake wamevaa vizibao. Jana nimemwona mmoja amesukumwa kwenye kigari cha mtoto, mwenye mbwa akaniambia, "Amechoka." Nilitaka kumwambia kwamba Nel, siku alipozaa, asubuhi alikuwa ameshapanda Rhos na kurudi. Nikanyamaza. Huku nanyamaza sana, ungenipenda.

Ulichoandika mwanzo wa barua yako nimekisoma.

Je, Nel anakula? Mpe supu ya kondoo ikipoa, lakini umtolee mifupa. Na jiko langu asiliguse mtu, lina namna yake ya kuwashwa. Nitarudi kabla maua ya buluu hayajachanua msituni. Baba yako aliniahidi hivyo siku alipopakia sanduku langu, na alikuwa ameshika mkono wangu alipoahidi.

Mwambie karatasi yake iko salama, chini ya kibao cha mkate.

Bibi yako


Cwm Hesgen
20 Novemba

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye basi la shule, nikacheka peke yangu kuhusu yule mbwa wa kigarini, hadi Siwan akaniuliza kama nina homa. Mtihani wa Kiwelisi nimepata vizuri. Wa Kiingereza mwalimu ameandika, "Mbona hujisemei darasani?" Sikujua swali la kuandika linajibiwa kwa mdomo au kwa kalamu, kwa hiyo sikulijibu.

Ifor Bucha anakusalimu. Amefungua duka tena baada ya kupaka rangi, na wale mbwa wake wawili wamelala mlangoni, mteja hapiti. Ameniambia, "Mwambie bibi yako msitu ule ni wa mbwa wangu kuliko wa Sellick. Hakuna mti hawajaukojolea! Kama hiyo si hati, hati ni nini?" Watu dukani walicheka, halafu wakaniangalia mimi nicheke. Unajua mimi. Nikaangalia soseji.

Kuna habari nyingine sikutaka kukuandikia. Jumanne nilishuka na Nel kutoka Rhos kwa barabara. Lori la mawe lilitokea nyuma. Mimi nililisikia nikaruka ukutani, nikavuta kamba, lakini yeye alikuwa ananusa kitu na hakusikia kitu chochote. Kioo cha lori au kitu kingine cha ubavuni kilimgonga bega. Hakuna mfupa uliovunjika. Anachechemea, na usiku analala amejikunja miguuni pangu akitetemeka. Dereva hakusimama. Sidhani alituona.

Baba amesema kikao kitakuwa Februari, katika ukumbi wa kijiji. Anasema bila karatasi yako hatuna kitu. Hasemi tena kwamba unamkomoa. Hakutaji kabisa, na hiyo ni mbaya zaidi.

Ningependa ukirudi tupite msituni, si barabarani.

Mared


Swansea
11 Desemba

Mared,

Wote wazima hapa. Lowri anakusalimu.

Nimetia sahihi. Nimeituma kwa baba yako leo asubuhi. Usinishukuru, na ukinishukuru usiandike.

Niliisoma mara nyingi kabla. "Sikuwahi kuomba wala kupewa ruhusa." Baba yako anaandika vizuri, sentensi fupi, nani angemdhania. Nilidhani nitasita. Sikusita, na hicho ndicho kilichoniudhi.

Nataka nikueleze jambo moja kisha tusilizungumze tena. Kwa Kiwelisi sijawahi kumwomba mtu kitu ambacho ni changu. Mwulize yeyote kanisani. Lakini pale mlangoni kwa Vaughan nilikuwa naongea Kiingereza, na Kiingereza nilifundishwa na mwalimu aliyetuchapa tukisahau kusema tafadhali na asante. Basi kinywa kikitoa Kiingereza, kiuno kinainama chenyewe. Mama yangu alipita msitu ule, na mama yake, na hawakupeleka mkate kwa mtu. Mimi nilianza. Nilidhani ni adabu.

Krismasi inakaribia, na jambo la kwanza nililofikiria ni zabibu.

Mchue Nel bega kwa maji ya moto. Ulijua ukiniandikia habari za lori nitafanya nini. Sikulaumu. Nasema tu kwamba nimeliona.

Bibi


Cwm Hesgen
26 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya tangu Mwaka Mpya. Soksi ulizonifumia zimenitosha. Kondoo wa kwanza wamezaa kwa kina Siwan. Mama ameacha zamu za usiku.

Najua Baba alikupigia simu juu ya kikao. Sijui alikwambia nini, kwa hiyo nitakuandikia nilichokiona.

Ukumbi ulijaa. Watu walikuja na mbwa, wakawafunga kwenye reli nje, tukawa tunawasikia wakigombana muda wote. Msikilizaji aliyetumwa na halmashauri kusikiliza pande zote na kuamua alikuwa mzee mwenye mafua. Bwana Sellick hakuja, alimtuma wakili, mwanamke mpole mwenye gambuti za matope. Hizo gambuti ndizo zilizotuponza. Tulimwona kama mwenzetu.

Alianza na Ifor Bucha.

"Bwana Ifor, una mbwa wawili. Kule nyikani unawafunga kamba?"

"Kuanzia Machi, ndiyo. Ndege sululu wanataga chini, na mbwa hajui yai na mpira. Ikiisha Julai nawaachia wakimbize upepo."

"Na mtoni?"

"Mtoni wanaogelea, mama. Nani anamfunga kamba mbwa anayeogelea? Ataonekana anavua samaki!"

Ukumbi mzima ulicheka, na wakili akacheka pia.

"Na msituni?"

"Msituni kamba. Mwaka mzima."

"Kuna kondoo msituni?"

"Hakuna."

"Kuna ndege wanaotaga chini?"

"Hakuna, ni mialoni tu na popo."

"Basi kamba ya nini?"

Ifor alijikuna kisogo. "Ndivyo tunavyofanya. Tangu zamani. Ukifika langoni unafunga, ukitoka upande wa pili unafungua. Bi Beynon ndiye aliyetufundisha."

Wakili akamshukuru. Akamwita Tegwen wa posta, akamwuliza hayo hayo, na Tegwen, unamjua, akajibu kwa fahari, "Mzee Vaughan alipenda mbwa wafungwe. Alikuwa muungwana, nasi hatukutaka kumuudhi. Alikuwa anamwambia Bi Beynon kila Krismasi, akipelekewa mkate."

"Anamwambia nini hasa?"

"Kwamba tupite tu, mradi mbwa wafungwe."

Tegwen alitabasamu, Bibi. Alidhani ametusaidia. Alishuka jukwaani akampapasa Baba begani.

Wakili alisoma karatasi yako kwa sauti. Ile sentensi aliisoma polepole, wala hakuongeza neno. Hakukuita mwongo. Alikaa tu. Msikilizaji akapenga kamasi, akauliza kama kamati ina la kusema.

Baba alisimama. Nilikuwa nyuma yake, nikaona shingo imekuwa nyekundu. Alisema, "Mama yangu ni mzee. Tangu aanguke amekuwa akisahau. Alitia sahihi bila kukumbuka."

Watu waligeuka kumtazama kwa huruma. Ndiyo, kwa huruma! Ifor alisema, "Masikini Bi Beynon," na mtu mwingine akasema ameliona mapema, Pasaka iliyopita ulimwita kwa jina la dada yake. Nilikuwepo Pasaka hiyo. Wewe ulikuwa unamtania.

Nilikuwa na kiti cha pembeni. Kusimama kungekuwa rahisi. Nilikuwa na sentensi tayari, kwa lugha zote mbili.

Tulirudi nyumbani, Baba mbele. Alipofika mlangoni alisema, "Ni afadhali hivi. Bora asahau kuliko adanganye." Nikasema ndiyo.

Mared


Swansea
19 Machi

Mared,

Hapa kuna mvua. Lowri hajambo, isipokuwa anazungumza nami kwa sauti ya juu siku hizi, kana kwamba niko ng'ambo ya mto.

Wiki iliyopita walinipeleka kwa daktari. Baba yako ndiye aliyepanga. Daktari ni mtoto mzuri, ana madoadoa puani. Akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia. Akaniambia nichore saa. Nikachora, nikamwuliza anataka na jina la mtengenezaji? Akanipa maneno niyakumbuke, tufaha, meza, senti. Nikamrudishia yote, mbele nyuma na nyuma mbele. Nilipata kila kitu. Unajua Lowri alifanya nini? Alilia. Maana kama akili ninayo, basi nilidanganya.

Usiku ule nilimpigia simu baba yako. Nilimwambia, "Emyr, nilijua. Nilisoma, nikajua, nikatia sahihi." Akaniambia, "Sawa Mama, sawa, usijisumbue." Kwa ile sauti aliyokuwa akimtulizia Nel alipokuwa mtoto na kuogopa radi. Nikasema tena. Akaniuliza kama nimekula.

Halafu akaniambia habari ya nyumba. Anasema mtu anayesahau hawezi kuachwa peke yake na jiko la kuni. Anasema kuna mume na mke kutoka Birmingham, wana mbwa, wanapenda matembezi, wanaitaka kwa kupanga kuanzia Mei. Nikamwuliza watatembea wapi.

Mared, kuitwa mwongo nimekubali. Nilidanganya, na kama kanisa zima litanigeuzia mgongo ni haki yao, nitakaa benchi la nyuma na kuimba kwa nguvu kuwakera. Lakini nitakuwa nyumbani kwangu. Mwongo huruhusiwa kuwasha jiko lake. Anayesahau haruhusiwi hata kufungua dirisha.

Baba yako ameniuliza kama kuna mtu aliyenishauri nitie sahihi. Nikamwambia hakuna. Sikumtaja mtu, wala sitamtaja.

Kuna mtu mmoja tu anayejua kwamba nilijua. Sikuambii ufanye nini. Wewe pia hukuniambia nifanye nini. Uliuliza tu.

Bibi


Cwm Hesgen
23 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nyingine niliichoma kwenye jiko lako, ambalo bado linaniwakia nikilibembeleza. Nel bega limepona, lakini hapandi tena mlima. Akifika pale barabara inapoanza anaketi, na nikimvuta ananiangalia. Basi tunazunguka uwanja wa kanisa, kila siku, kama wale mbwa wako wa bustanini. Amenenepa.

Uamuzi umefika. Tumeshindwa. Msikilizaji ameandika kwamba wanakijiji walipita kwa hisani ya mwenye msitu, na kwamba walikuwa waangalifu na wenye heshima kwa kiwango cha kusifiwa. Ametusifu, Bibi. Ifor aliusoma ukurasa huo kwa sauti dukani, akauliza, "Kwa hiyo tungekuwa washenzi tungeshinda?" Hakuna aliyecheka. Sellick amebadilisha lango, la sasa ni la chuma na halina mahali pa kuchungulia. Maua ya buluu yamechanua, nayaona rangi yake tu kati ya miti nikiwa juu Rhos, kama moshi.

Kuhusu nyumba. Baba ameanza kupaka rangi chumba chako. Nyeupe. Kibanio chako cha mapazia amekitoa. Wale wa Birmingham walikuja Jumapili kuangalia, ni watu wazuri, na hilo limenikera. Mwanamke aliniuliza, "Eti kuna njia nzuri ya kutembea na mbwa hapa? Tumesikia nyika, msitu, mto." Nikamwambia zipo. Baba alinitazama.

Wanatia sahihi kesho asubuhi. Kwa hiyo ni leo au basi.

Nimepanga nitakavyosema. Nitasema kwa Kiwelisi, maana kwa Kiingereza nitaanza kuomba msamaha kabla sijasema kosa. Nitasema: Baba, Bibi hakusahau. Alijua kwa sababu nilimwandikia. Nilikuwepo mlangoni kwa Vaughan, nilimsikia akishukuru, nikamwandikia kwamba hakuna haja mtu ajue, kisha nikamwandikia habari za lori ili ashindwe. Akili yake ni nzima kuliko yako na yangu. Mwache arudi.

Nimelisema hili mbele ya kioo. Nimemwambia Nel, ambaye hasikii. Linachukua muda mfupi sana, Bibi, unaweza kulisema lote kabla ya maji kuchemka. Najua atafanya nini pia. Hatapiga kelele. Atakaa kitandani pangu, atasema, "Nilisimama mbele ya kijiji kizima nikamwita mama yangu mgonjwa, nawe ulikuwa nyuma yangu."

Lakini nitasema. Nimeamua. Ninaandika hivi ili iwe imeandikwa, ili nisipate pa kurudi, na kesho unipigie kwa simu ya Lowri uniulize

Mlango wa jikoni umefungwa. Baba anaosha brashi. Ameita, "Mared, umelala?" Sijajibu. Anapanda, naijua ile ngazi inayolia. Ana harufu ya rangi hadi huku.

Akiingia nitasema. Ameshafika juu, amesimama nje ya mlango, kivuli cha miguu yake kiko chini hapa. Anabisha, na yeye huwa habishi.

Naiweka hii chini ya godoro, Bibi, kwa sasa tu